Kizazi cha "Sikujua"

Madereva wa ujana wangu hawakuugua. Walipata uchovu, walipata gesi, walipata kizunguzungu cha njaa, lakini ugonjwa hapana. Mwanamume anayeteremsha lori la shaba mlima wa Kitonga usiku, mvua inanyesha, angeanzaje kukaa kwenye benchi la zahanati akisubiri kupimwa presha? Akizimia kwenye usukani na kuondoka na watu, tulisema siku yao ilikuwa imefika. Tukazika, tukala pilau ya arobaini, tajiri akatafuta dereva mwingine.

Nilikuwa wakili miaka hiyo, na katika kesi za fidia hapakuwa na utetezi mwepesi kama wa dereva kusema hakujua. Sheria yetu ya uzembe tuliirithi kwa Waingereza. Tanganyika iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu zao za baadaye tumeendelea kuzinukuu. Inachouliza ni iwapo dereva alijua, au alipaswa kujua, kwamba hafai kuendesha. Katika kesi ya Roberts dhidi ya Ramsbottom, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1979, mzee wa miaka 73 alipatwa na kiharusi akiendesha. Akagonga gari lililoegeshwa, akaendelea na safari, akagonga tena. Jaji akaamua kwamba anawajibika kwa uzembe, kwa kuwa alihisi hayuko sawa na bado hakusimama. Karibu miaka ishirini baadaye ikaja ya lori la kampuni ya Weetabix lililoparamia duka la watu. Dereva wake alikuwa na uvimbe uliokuwa ukishusha sukari mwilini bila yeye kufahamu, na ubongo ulionyimwa sukari hauwezi kujitambua kwamba umenyimwa. Mahakama ya Rufaa ikasema hapa hakuna uzembe. Wenye duka wakakosa fidia.

Kwa dereva yule sina ugomvi na hukumu hiyo. Kinachonikera ni jinsi ilivyotufaa sisi. Yeye hakuwa na namna ya kujua. Kaka zetu walikuwa nayo, wakaikimbia. Mtu macho yanafifia, anashuka kukojoa kila kituo, anamaliza dumu la maji kabla ya Chalinze. Mkewe anajua, utingo anajua, tajiri anajua, na kwenye faili hakuna karatasi hata moja ya daktari. Sasa utamthibitishiaje hakimu? Mjane wa mwenda kwa miguu aliyegongwa anatoka mahakamani mikono mitupu, maana bima ndogo hulipa pale tu dereva anapowajibika. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani stika iliyobandikwa kwenye kioo ni ahadi kwa kila atakayegongwa.

Wajapani wamelitazama jambo hili kwa jicho kali zaidi. Aprili 2011, mjini Kanuma, dereva wa kreni mwenye kifafa, ambaye hakuwa amemeza dawa, aliwaua wanafunzi 6 waliokuwa wakienda shule. Alifungwa miaka 7. Mwaka 2013 bunge lao likatunga sheria mpya inayomwongezea adhabu anayeendesha huku akijua kuwa ugonjwa wake unaweza kumzimisha. Kwenye kesi ya fidia mahakama haikuishia kwa dereva na mwajiri. Ilimhusisha hata mama yake mzazi, aliyejua mwanawe hakunywa dawa na asiiarifu kampuni. Niliposoma habari za uamuzi huo niliwawaza wake na matingo wa enzi zetu. Mahakama isingetosha viti.

Vijana wa leo wanajua. Kipimo cha sukari kinauzwa duka la dawa, kadi ya kliniki iko mfukoni. Kujua huko kunawaponza, kwa sababu mwenye kadi amejiandikia ushahidi dhidi yake, na tajiri akiiona, gari anapewa deiwaka ambaye hajawahi kupima chochote. Basi kijana anaificha, anajichoma sindano chooni stendi, halafu anaruka mlo ili awahi. Insulini bila chakula inaweza kumwangusha haraka kuliko sukari iliyopanda. Ana kosa, ndiyo, lakini lawama kubwa naiweka kwa aliyempangia safari na kumfanya achague kati ya mwili wake na hesabu ya siku.

Sisi wanasheria wa rika la uhuru tuliingia ofisini na bendera mpya na vitabu vile vile vya zamani. New Zealand nao walirithi sheria hiyo hiyo ya Kiingereza, na tangu 1974 wana mfuko unaomlipa aliyeumia ajalini bila kuuliza nani alijua nini. Kwa kubadilishana, kwa kawaida majeruhi hawezi tena kudai fidia ya majeraha yake mahakamani. Si sadaka: hugharimiwa na tozo za waajiri, za leseni za magari na za petroli. Tozo kwenye mafuta sisi tunazifahamu sana. Senti chache katika kila lita zingemfikia mjane yule moja kwa moja, na mahakama ikabaki na kazi ya kumwadhibu aliyejua akanyamaza, pamoja na tajiri wake.