Daftari la Masika, Amani

Machi 29

Nimefika kwa mjomba jioni. Mvua ilitushika tangu Muheza. Barabara ya kupandia Amani ni ile ile: Sigi, kona, matope, halafu chai. Baada ya shikamoo na uji akaniuliza mwalimu mzima wa biolojia kapanda mlima kutafuta nini. Nikamwambia chura. Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kulikoni. "Mpwa wangu, ungesema tu. Wamejaa hapo bombani."

Machi 30, usiku

Wa bombani siye. Ninayemtafuta ni Leptopelis vermiculatus, ambaye Boulenger wa makumbusho ya London alimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1909, kwa vielelezo vilivyotoka hapa hapa Amani. Ilikuwa enzi ya Wajerumani, na taasisi yao ya kilimo, iliyoanza 1902, ilikuwa bado changa. Chura huyu haishi popote duniani nje ya milima michache ya Tanzania. Hata hivyo jirani zake hawamjui, nami siwalaumu. Mchana hujificha. Usiku hukaa kwenye majani, na sauti yake haina ubavu wa kushindana na kelele za vyura wengine: mlio mmoja mkavu, tlak, kisha kimya kirefu hadi uamini ulichosikia ni kijiti kilichovunjika.

Kinachoniudhi ni kwamba Ulaya na Marekani wako watu waliomfuga kwenye masanduku ya kioo, wanaojua anakula nini na anapenda joto kiasi gani. Mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kabla ya hapo, chura wa milima hii ya Usambara alikuwa akipanda ndege wakati wanafunzi wangu hawajawahi hata kuona picha yake.

Machi 31

Tumempata! Mjomba, aliyekuja "kukusindikiza tu usije ukapotea", ndiye aliyemwona kwanza, kwa jinsi macho ya chura yalivyong'aa kwenye tochi. Dume, juu ya jani, usawa wa bega langu. Macho ni makubwa mno kwa kichwa chake, mboni zimesimama wima kama za paka. Mgongo ni kijani kibichi, umetapakaa vidoa na vimistari vyeusi vilivyopindapinda. Ubavuni ni madoa meusi na meupe yaliyochanganyikana. Ncha za vidole zina visahani vya kunatia. Dume huyu hazidi sentimita tano. Jike huweza kupita nane.

Hatua chache mbele akatokea mwingine, wa kahawia, na pembetatu iliyokoza mgongoni.

"Huyu ni wa ukoo mwingine," mjomba akasema.

Hapana, ni aina moja. Wote huanza maisha wakiwa kijani. Baadhi hubaki hivyo hata ukubwani, wengine hugeuka kahawia. Mjomba hakusadiki, na kwa kuwatazama tu hata mimi nisingesadiki. Alitaka kumshika nikamzuia. Ngozi ya chura hufyonza kilichoko mkononi mwako, hata dawa ya mbu, na kuvu inayoua vyura huweza kusafiri kwa matope ya viatu.

Aprili 2

Mvua kutwa. Nimekaa barazani.

Ukimwona chura huyu juu ya jani utadhani haja yake ni miti tu, na mabango yetu ya uhifadhi yanaonyesha miti tu. Lakini jike hushuka. Hutaga chini, huzika mayai kwenye udongo mbichi kando ya maji, wala si ndani ya maji. Viluwiluwi wakianguliwa, na mvua ikilowesha ardhi, hutoka udongoni na kujinyonganyonga hadi majini. Jembe likipita pale ukingoni kabla yao, kizazi kimekwisha, na hakuna mti hata mmoja ulioanguka.

Hapo ndipo iliki inapoingia. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima huiacha miti mikubwa, akafyeka vichaka na miche iliyo chini yake. Ukipita na basi utaapa msitu ni mzima. Ingia ndani: juu ni msitu, chini ni shamba. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000, nami naishukuru; ila vijito haviishii kwenye mpaka wa hifadhi. Kimoja kinapita katikati ya iliki ya mjomba.

Aprili 4

Nimemtajia mjomba sheria ya mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha uhifadhi wa ukingo huo, haziruhusiwi.

"Mita sitini! Shamba lenyewe halifiki mita sitini."

Nikanyamaza. Akaongeza, bila hasira, "Na ada yako ya sekondari ilitoka humo humo."

Kweli tupu. Asubuhi tukashuka naye kijitoni. Tumebishana, tumevuta tumbaku (yeye), na tumekubaliana: hatua sita kila upande hakuna jembe wala panga mpaka masika yaishe, na iliki iliyomo ataichuma tu bila kuipalilia. Mita 60 si hizo, najua. Akaanza kuhesabu mwenyewe, na kila alipokaribia shina zuri hatua zilifupika. Nikamrudisha ukingoni ahesabu upya.