Vidole vya Mjomba

Mjomba wangu hakuhitaji karatasi kupima shairi. Alikaa barazani kwake, mtaani Ngamiani, mkono wa kushoto juu ya goti, amefumba macho, na kila silabi ilipopita kidole gumba kiligusa pingili ya kidole kingine. Mizani 8, kituo kidogo. Mizani 8 nyingine, mshororo umetimia. Ikipungua moja, mkono ulisimama. Hakukemea mtu. Alifumbua macho tu akasema, "Mjomba, hili guni."

Mwaka 1975 nilimsomea shairi ambalo mkono wake ulisimama mshororo wa kwanza, ukasimama wa pili, na wa tatu, mpaka mwishowe akaufunga ukawa ngumi. Lilitoka katika Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi iliyochapwa mwaka mmoja nyuma. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuja nayo kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaniazima kwa sharti nisiikunje kurasa.

Jina la mwandishi nilikuwa nalijua. Sote kidato cha nne tulilijua, kwa sababu ya Rosa Mistika. Riwaya ile ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku kufundishwa mashuleni, na marufuku ndiyo iliyotufanya tuitafute. Nakala iliyotufikia haikuwa na jalada. Ilikuwa imepita mikono mingi hata pembe za kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Wazee walisema kitabu kile kinafundisha uhuni. Mle ndani kulikuwa na binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa kipigo, na walimu waliowageuza wanafunzi wao kuwa wapenzi. Msichana mmoja wa darasa letu alikisoma usiku mmoja akakirudisha bila neno. Tangu siku hiyo, mwalimu fulani akiingia darasani, yule msichana alikuwa akitazama dawati. Tulielewa, na hakuna kati yetu aliyesema. Kitabu peke yake ndicho kilichosema, na kitabu ndicho kilichofungiwa.

Lakini kwa mjomba ugomvi haukuwa juu ya uhuni. Ulikuwa juu ya nyumba ya ushairi aliyoirithi. Kando ya mkeka wake hakikukosekana kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, kile cha sheria za kutunga mashairi, na kwake zile zilikuwa sheria kwelikweli. Shairi liimbike. Lisipoimbika, si shairi. Nilipomwambia kwamba Kezilahabi anataka ushairi ukaribie lugha ya kila siku, asizuiwe na vina kusema analolitaka, alinijibu kwa upole ulioniuma zaidi kuliko hasira.

"Mjomba, bibi yako hakujua kusoma. Utenzi mzima alikuwa nao kichwani. Unadhani nini kilimshikia?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli, vina ndivyo vilivyomshikia bibi. Mtu akisahau neno, kina kinamkumbusha. Akiongeza neno lake, mizani inamfichua. Karne kwa karne ushairi wa pwani ulisafiri hivyo, midomoni, arusini, misikitini, majahazini, bila kumwagika. Vijana wa siku hizo tuliwaita wazee waliovitetea vina wakaidi, na naona haya kwa neno hilo. Walikuwa wanalinda kitu.

Halafu akanipiga kwa hoja ya pili. Kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifungwa miaka mitatu kwa waraka aliouandika kuikosoa serikali ya Kenya, akatunga humo gerezani, na Sauti ya Dhiki ilipotoka mwaka 1973 vina na mizani vilikuwa mahali pake. "Mwenye pingu hakulalamika kwamba vina vinambana," mjomba alisema. "Huyu mwenye uhuru wake anabanwa na nini?" Baadaye nilikuja kujua kwamba mashairi yale yaliandikwa kwenye karatasi za chooni. Hoja ile ilinikaa miaka mingi. Leo ningemjibu kwamba Abdilatif hakuamriwa na msomaji yeyote afuate vina. Alivichagua, kama Kezilahabi alivyochagua kuviacha, na wote wawili walilipa gharama ya walichokichagua.

Mjomba alikiomba kitabu. Nilidhani ataniambia kesho yake kwamba amekichoka. Alikaa nacho wiki mbili, mwalimu ananidai, mimi nashindwa kumdai mzee. Aliponirudishia nilikuta ukingoni mwa kila mshororo, kwa penseli nyepesi sana, tarakimu: 5, 11, 7, 9, 4. Amehesabu kitabu kizima. Mahali pamoja, palipotokea 8 na chini yake 8, alikuwa amepiga mstari. Nilikesha kufuta kwa kifutio kabla ya kumrudishia mwalimu, na nimelijutia hilo mpaka leo.

Mwaka ule ule nilitunga shairi langu la kwanza. Baba alifanya kazi katika korona, kiwanda cha mkonge, kwenye mashine za brashi zinazosafisha singa, na vumbi lile lilikuwa limemwingia kifuani. Alfajiri tulimsikia kabla ya adhana. Nikaandika:

Baba amekohoa.
Kumekucha.

Likaendelea hivyo, mistari mifupi, kwa sababu pumzi yake ilikuwa fupi. Sikupanga. Ndivyo lilivyonijia. Nilimsomea baba mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa, akataka nirudie.

Mjomba akanipeleka kwenye kikao cha washairi, nyumba ya mzee mmoja. Walikuwa wazee kama 10, kahawa inapita. Nilisoma nimesimama. Nilipomaliza kimya kilikaa, kisha mmoja akasema hiyo ni insha iliyokatwakatwa. Mwingine, kwa nia njema kabisa, akanionyesha kwamba mstari wangu wa kwanza una mizani 7, unahitaji moja tu, na akanipa dawa papo hapo: "Babangu amekohoa." Sasa 8. Bado utao, nusu ya pili ya mshororo. Nikaenda nyumbani, nikaketi na taa, nikaujazia: "Babangu amekohoa, sikizeni nawambia." Hesabu mwenyewe, ni 16. Maneno yale mawili ya mwisho hayana kitu ndani yake. Niliyatia ili nafasi ijae.

Hakuna aliyenilazimisha, na ndiyo maana sina wa kumlaumu. Nilitaka wale wazee wanipende. Shairi likatengenea, beti 6, vina vya kati na vya mwisho, nikalipeleka gazetini, likachapwa. Mjomba alilikata akalibandika ukutani. Baba nilimsomea jioni. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Hongera, mwanangu." Hakuomba nirudie.

Kezilahabi hakufanya nilichofanya mimi. Nilimfuatilia kwa mbali, kitabu kwa kitabu. Wapinzani wake hawakuchoka. Mwaka 1986 Jumanne Mayoka alitoa kitabu juu ya mgogoro ule wa ushairi. Mwaka 1988 ikatoka Karibu Ndani, na vina hakuvirudia. Wakati huo tulikwisha kuzoea, tukadhani tumemwelewa. Mwaka 1990 akatupa Nagona, riwaya fupi inayokwenda kama ndoto, na hata sisi tuliomtetea tukaanza kulalamika kwamba amezidi, hasomeki. Nilisikia sauti yangu ikisema maneno ya wale wazee. Akafuatisha Mzingile mwaka uliofuata. Msomaji ana haki ya kununa, na mimi nilinuna. Ila nilikuwa nanunia kitabu ambacho kisingekuwepo kama mwandishi wake angekuwa mtu wa kuomba kwanza ruhusa yangu.

Alifariki Dar es Salaam mwezi Januari 2020. Mjomba alikuwa amemtangulia zamani. Rosa Mistika ilikwisha kuingizwa mashuleni, na wajukuu zangu hufundishwa ushairi wa kimapokeo na wa kisasa katika kipindi kimoja, kama ndugu wa baba mmoja. Mmoja wao aliniuliza juzi kama ni kweli watu waliwahi kugombana kwa jambo hilo. Nikamwambia waligombana sana, na kwamba wote walikuwa wanaupenda ushairi.

Akaniomba nimsomee shairi langu. Lile la gazetini ninalo, karatasi imekuwa ya manjano, nikamsomea. Akataka la kwanza, lile la kikohozi cha baba. Nililiandika nyuma ya bahasha, na nilipomaliza kulitia vina sikuona sababu ya kuitunza. Nakumbuka mistari ile miwili tu.