Sehemu ya 5: Mama, picha ndefu na mlima

Sehemu iliyopita niliwaambia mama yangu alipata kiharusi. Kilipiga ubongo upande wa kulia, mkono wa kushoto ukalegea. Hilo wengi mnalijua. Lingine halizungumzwi sana: mgonjwa anaweza kuusahau kabisa upande wa kushoto. Siyo upofu. Macho yanaona, ila ubongo hautilii maanani. Mama alikuwa anakula wali wa kulia kwenye sahani, wa kushoto anauacha, halafu anasema bado ana njaa.

Mtaalamu wa mazoezi akatuambia tumzoeze kugeuza kichwa na kutafuta vitu upande huo. Mama ni mzaliwa wa Moshi. Atafute nini zaidi ya mlima? Ukiutazama Kilimanjaro kutoka mjini, Mawenzi iko kulia, Kibo kushoto.

Picha moja ya simu inaingiza yote, lakini mlima unatoka mdogo kama kichuguu. Mimi nafanya hivi: natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mawingu. Nashika simu wima, navuta mlima karibu, nabonyeza kioo kwa muda ili mwanga usibadilike. Napiga picha saba kuanzia kushoto, kila moja ikirudia kama theluthi ya iliyotangulia. Nageuka mwili mzima taratibu, viwiko vimebana mbavuni. Programu ya simu inaziunga. Watoto wakae nyuma yako, maana anayekatiza mbele anaweza kutoka nusu mtu!

Fundi wa mabango akanichapia urefu wa mita moja na nusu, nikaibandika mbele ya kitanda.

Siku za kwanza Mama aliona Mawenzi tu. "Kibo wameipeleka wapi?" Tukabandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto. Mwanangu wa miaka sita ndiye mwalimu: "Bibi, tafuta nyekundu kwanza." Mara tatu kwa siku, dakika chache.

Wiki ya tatu akafika mwenyewe. Akakaa kimya, kisha: "Mbona theluji imebaki kidogo hivyo?"

Nikaenda kulia jikoni. Jioni ile wali wa kushoto bado aliuacha. Tunaendelea.

Jamani, uso ukipinda, mkono ukalegea au maneno yakavurugika ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri kupambazuke.

Nani mwingine hapa analea mtoto huku anauguza mzazi? Niandikie hapo chini, nasoma zote.