Bihogo Alipochechemea

Bihogo alirudi zizini jioni akichechemea mguu wa nyuma. Alikuwa mtamba wa Ankole, mwekundu, wa mwaka mmoja na nusu, aliyenona kuliko wenzake wote. Tata, yaani baba yangu, alikuwa amemtenga kwa mahari ya kaka. Ilikuwa Nkwenda, mwaka 2011, kabla Kyerwa haijawa wilaya, sote tukiwa bado watu wa Karagwe.

"Amepigwa pembe," nilisema. Pembe za ng'ombe wetu ni ndefu na zizi lilikuwa dogo; jibu nilikuwa nalo kabla sijamwangalia. Nikamkanda paja kwa maji ya moto. Chini ya kiganja nilihisi kitu kikichachatika, kama majani makavu ya mgomba yanapokanyagwa. Tata aliniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Alfajiri tulimkuta amekufa.

Majirani walikuja na visu. Mtaalamu wa mifugo akawahi kuwazuia: chambavu. Mbegu za vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi, huliwa pamoja na majani, kisha huozesha misuli na kuijaza hewa. Mara nyingi mnyama hufa ndani ya siku moja au mbili. Penisilini ikiwahi sana huenda ikamwokoa, lakini kinga ya kweli ni chanjo ya kila mwaka. Mzoga hauchunwi wala hauliwi, huzikwa. Tulichimba shimo refu hadi saa sita mchana. Tata hakunilaumu. Alinipokeza jembe tu, zamu yangu ilipofika.

Tangu siku ile, ng'ombe akichechemea nafunga mdomo kwanza. Namtazama akisimama, kisha akitembea. Anacheua? Wanaochechemea ni wangapi? Wakiwa wengi na wanatokwa udenda, nashuku ugonjwa wa miguu na midomo; hatoki mnyama zizini, na ofisa mifugo anapata taarifa. Akiwa mmoja, nainua mguu, naosha kwato, natafuta mwiba, jiwe au kidonda. Nanusa pia, maana kwato inayooza hujitangaza. Kisha napandisha mkono polepole hadi pajani, nikisikiliza.

Masika iliyopita ng'ombe wetu wa maziwa alichechemea.

"Amepigwa pembe," alisema mwanangu.

"Huenda. Inua mguu."

Katikati ya kwato palikuwa pameoza. Tulisafisha, mtaalamu akamchoma sindano, na maziwa tukayamwaga kwa siku zote alizotutajia. Tukamhamishia pakavu. Samadi iliyolowa tuliizoa tukaipeleka migombani, na mlangoni mwa zizi tukaweka maji ya mrututu, wote wakanyage wakipita. Baada ya wiki alikuwa anatembea sawasawa.

Tata alikuwa barazani akitutazama.

"Chambavu mmewachanja?"

"Wote, Tata."

Akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia mjukuu wake. "Wewe umewahesabu?"