Maua ya Machipuko Kaskazini ya Cape Town

Sisi tuliozoea mvua na joto kuja pamoja hatufahamu upesi desturi ya nchi ile ya pwani iliyo kaskazini ya Cape Town, katika Afrika ya Kusini. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na jua kali lijapo nchi hukauka kabisa. Katikati ya hayo mawili, mwezi wa Agosti na Septemba, ndiyo majira ya machipuko. Mimea haina nafasi. Katika majuma machache haina budi kuchanua, kuzaa mbegu, kisha kufa au kujificha chini ya udongo. Basi huchanua yote kwa mara moja, nasi tukaenda kuitazama kwa miguu.

Atakaye kwenda asiondoke alfajiri, atachoka bure. Maua mengi ya huko hayafunguki ila kwa joto, tangu saa nne asubuhi hata saa kumi alasiri, na siku ya mawingu hulala. Tena huligeukia jua. Atembeaye akilikabili jua huona migongo yao tu. Sharti jua liwe kisogoni.

Tulianza Postberg, katika Hifadhi ya Taifa ya Pwani ya Magharibi. Upande mmoja ni bahari kuu yenye mawimbi, upande wa pili ni hori la Langebaan, maji yake matulivu. Lango la sehemu hiyo hufunguliwa Agosti na Septemba tu. Njia yapita kati ya majabali, na maua meupe na ya manjano yameshuka hata karibu na mchanga, na pundamilia na pofu wanalisha humo humo. Ua moja jeupe wenyeji huliita ua la mvua, kwa kuwa hufumba mawingu yanapokusanyika. Ua hilo huzaa mbegu za namna mbili katika kichwa kimoja, nyingine zina mabawa, nyingine hazina. Basi mkanyagaji hukanyaga shamba la mwaka ujao.

Wageni husifu zaidi mahali paitwapo Skilpad, kiasi cha kilometa 500 kutoka Cape Town, ambako kilima chote huwa rangi ya chungwa. Panapendeza kweli. Lakini zulia lile limemea juu ya mashamba ya ngano ya zamani yaliyoachwa, maana maua ya mwaka mmoja hupenda udongo uliokwisha kuchimbuliwa. Macho hudanganyika hapo, yakadhani kwamba jembe halidhuru kitu.

Sisi twapenda zaidi uwanja mdogo karibu na mji wa Darling, uliotolewa na mkulima Tienie Versfeld ili uhifadhiwe. Ukipita na gari huoni neno. Shuka, enda polepole, inama. Utaona maua ya vitunguu vya porini, mekundu, ya zambarau, ya samawati, kila hatua na namna yake. Hayo jembe likipita hayarudi yenyewe, hata shamba likiachwa miaka mingi. Nchi ya namna hiyo, yenye udongo mzuri wa ngano, imekwisha kulimwa pande zote. Haikubaki hata sehemu moja katika kumi. Yaliyosalia yamo katika vipande vya wakulima, na wengine wao huondoa ng'ombe malishoni mpaka mbegu zimeanguka.

Mji huo umekuwa na maonyesho ya maua tangu mwaka 1917. Mitaroni kando ya njia limejaa lile ua jeupe lenye umbo la pembe, ambalo Ulaya huuzwa kwa fedha kwa ajili ya arusi na maziko. Wakulima wa huko huliita ua la nguruwe.

Hata saa tisa wingu likatoka baharini. Tukasimama kutazama uwanja ukififia kidogo kidogo, weupe ukaondoka, yakabaki majani tu, nasi tukarudi garini.