Nilivyomtafuta Mwalimu wa Kuimba

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama mpaka mgongo ukauma.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiswahili aliniambia nijiandae kuimba peke yangu katika Tamasha la Muziki la Kenya mwaka unaofuata. Shule yetu haina mwalimu wa muziki wala kinanda. Hapa Lowarengak ukitaka kujifunza kuimba una kwaya ya kanisa na upepo wa ziwa, basi. Sauti yangu nayo ilikuwa imeanza kuvunjika. Leo ya mtoto, kesho ya fahali. Lakini nilikuwa nimesoma kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, nikaona jinsi mama yule wa Fumba alivyouza vyungu kabla ya kumpata wa kumfunza muziki mjini Unguja, na mwaka wa 1928 akarekodi santuri kule Bombay. Nikajiambia, kama muuza vyungu alipata mwalimu, mwana wa mvuvi atakosaje?

Nilimsumbua mama usiku na mchana. Mwishowe akauza mbuzi kwa shilingi 4,000. "Haya, nenda," akasema, "lakini ukirudi bila sauti, wewe ndiwe utakuwa mbuzi wangu."

Likizo ya Novemba nilipanda lori la samaki wakavu hadi Lodwar kwa baba mdogo. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyesifiwa sana. Alikuwa na kinanda cha umeme na cheti ukutani. Alizihesabu pesa zangu kabla ya kuniuliza jina. Hakutaka hata kusikia ninavyoimba. Alibonyeza kinanda akasema, "Fuata!" Nikafuata. Akapandisha. Nikafuata. "Toa sauti, kijana! Panda!" Koo likaniwaka kama niliyemeza makaa. Nilipomwambia, alinijibu ati uchungu ni dalili kwamba sauti inakua. Nami, mshamba wa ziwani, nikaamini!

Siku ya kumi niliamka nikitaka kumwamkia baba mdogo, lakini hakikutoka kitu ila pumzi. Lahaula! Tabibu wa zahanati alinieleza kwamba ndani ya koo mna nyuzi mbili ndogo za sauti, na zikigonganishwa kwa nguvu kila siku huvimba. Akaniamuru ninyamaze, ninywe maji mengi, na nisinong'one, kwa maana kunong'ona nako huzichosha. Sauti isiporudi baada ya wiki tatu, nirudi kwake mbio. Pesa alizobaki nazo yule mwalimu sikurudishiwa hata ndururu. Siku zile za kunyamaza nilikuwa nikimwona mbuzi wa mama hata usingizini.

Mama mdogo anauza nguo Kakuma. Alipopata habari alipiga simu akasema niletwe kwake. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, na watu waliokuja pale walikuja na nyimbo zao. Karibu na kibanda chake anakaa mzee mmoja wa Kikongo anayeongoza kwaya. Sauti ilikuwa imeanza kurudi nilipopelekwa kwake, lakini mzee akanizuia. "Usiimbe bado. Ongea tu, nisikiye."

Nikaongea. Akaniuliza ninalala saa ngapi, na nilipoimba kule Lodwar nilisikia uchungu wapi hasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kisha tukaanza kuvumisha sauti tukiwa tumefumba midomo, kama mtu anayembembeleza mtoto, mkono ukiwa tumboni ili nione pumzi inakotoka. Dakika tano, halafu tunapumzika. "Koo likiuma, simama. Hata kama ni mimi nimekwambia endelea, simama." Mama mdogo alikuwa akiketi mlangoni akichambua maharagwe, mlango ukiwa wazi; mzee mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Malipo aliyakataa mpaka wiki ya pili, ati kwanza aone kama yeye ananifaa.

Siku moja alinifungulia simu yake nisikilize Missa Luba, ile misa ya nyimbo za Kongo, ikiimbwa na kwaya ya Muungano ya hapa hapa Kenya, waliyoirekodi mwaka wa 1990. Akaniuliza, "Na wazee wenu ninyi, wanaimba namna gani?" Nikamwambia kwamba kwetu mwanamume humwimbia emong, ng'ombe wake mpendwa, huku ameinua mikono kama pembe. Akacheka. "Sasa ulitoka nyumbani kutafuta nini? Nenda ukaangalie anapumua wapi."

Nilirudi Lowarengak nikamwendea Apa, babu yangu. Ng'ombe wake alikufa kwa ukame wa 2022, na tangu hapo hajaimba. "Nimwimbie nani?" akaniuliza. Jioni tatu nilimpelekea tumbaku, tukakaa kimya. Jioni ya nne aliinuka mwenyewe, akainua mikono, akamwita ng'ombe wake kwa jina. Wavuvi waliokuwa wakikunja nyavu ufuoni waligeuka. Shingo yake haikukaza hata mshipa mmoja! Mbavu zilifunguka, tumbo likaenda polepole, na sauti ikatoka yenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika tumbo langu nikimfuata. Alipomaliza alikaa chini akaelekeza uso ziwani, nami sikuthubutu kumuuliza kitu.

Tamashani mwaka huu niliimba, nikawa wa pili, nikaishia hapo hapo. Koo halikuniuma. Mama alikuja, akapiga vigelegele mpaka leso ikamdondoka, kisha akanivuta kando akanong'ona:

"Sasa, na mbuzi wangu?"