Rangi ya Kahawia

Mwanafunzi wa Karagwe au Kyerwa akiambiwa achore shamba la kahawa, kwanza hutafuta vikopo: cha kijani kwa majani, cha nyekundu kwa matunda yaliyoiva, cha kahawia kwa mashina, na cha nyeusi kwa vivuli. Kikopo cha kahawia kikikosekana, kazi husimama. Nimeliona jambo hili darasani mara nyingi, na kila mara hustaajabu, kwa kuwa rangi inayotafutwa dukani imo katika tawi la mbuni analolichora.

Twaa nyekundu ya tunda, uitie kijani ya jani kidogo kidogo. Nyekundu itafifia, ifanane na udongo, kisha iwe kahawia yenyewe. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704, alieleza kwamba mwanga mweupe umekusanya rangi zote. Rangi ya mchoraji humeza sehemu ya mwanga huo na kuturudishia sehemu iliyobaki. Rangi nyekundu humeza mwanga wa kijani, na ya kijani humeza mwanga mwekundu; zikichanganywa, kinachorudi machoni ni kidogo. Tena kijani yenyewe huzaliwa na njano na buluu, hivyo katika kahawia zimo rangi zote tatu za msingi. Ongeza njano, upate udongo mkavu wa barabarani. Ongeza buluu, upate gome lililolowa mvua.

Lugha yetu nayo ina mkono wake katika jambo hili. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zina vivumishi vyake halisi. Nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa. Ni majina mazuri, lakini mtoto huweza kudhani kwamba kila jani lina rangi ile ile daima. Jani changa la mgomba lina njano nyingi; kivuli kilicho chini yake si cheusi, bali ni kijani iliyotiwa nyekundu kidogo. Na ukitazama magharibi kutoka Kyerwa, ng'ambo ya Mto Kagera, vilima vya Rwanda vyenye majani tele huonekana buluu hafifu. Ukivipaka kijani ya kikopo, vilima hivyo husogea hadi mlangoni.

Buluu ndiyo yenye taabu. Udongo hutupa nyekundu na hata njano, mkaa hutupa nyeusi. Buluu haina budi kununuliwa. Hata Mskoti Grant, aliyekaa Karagwe kwa Mfalme Rumanyika toka 1861 hadi 1862 akiuguza mguu, alichora kwa rangi za maji zilizosafiri pamoja naye. Kwa hiyo shule yenye fedha kidogo na inunue buluu, nyekundu, njano na nyeupe, basi. Nyeusi, kama imo kabatini, naomba ifungiwe humo muhula wote wa kwanza.